SOMO: Namna ya kuifikisha riwaya mpya ya kutisha kwa wakutubi na wasomaji wa maktaba

Wakuu, swali hili naulizwa kila wiki na kila wiki naandika majibu yale yale. Leo nayaweka yote hapa. Yatawafaa waandishi, wachapishaji wadogo, na wakutubi wanaotaka vitabu vya kutisha vitoke rafuni viingie mikononi mwa watu.

Hatua ya 1. Kisome kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, hata kama ni chako.

Hatua ya 2. Kiwe na ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13 (za tarakimu 10 ziliachwa kutolewa tangu Januari 2007), na jina lisomeke kwenye mgongo.

Hatua ya 3. Uliza nani anachagua vitabu, maana anayekupokea mezani mara nyingi siye. Uliza pia utaratibu wao wa kupokea vitabu vya bure. Kuna maktaba ambazo kitabu cha zawadi huuzwa au hugawiwa, hakifiki rafuni.

Hatua ya 4. Andika ukurasa mmoja wa kumsaidia mkutubi kujua kitabu kinamfaa nani. Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Riwaya yangu ya kwanza niliipeleka na karatasi iliyosema kwa herufi kubwa kwamba itakunyima usingizi. Basi. Sikusema kwamba sura ya tatu mtoto mchanga anafariki, na kwamba hofu yote ya kitabu inatoka kwenye kilio chake kinachoendelea kusikika nyumbani. Nilidhani nikisema nitaua utamu. Mkutubi, kwa nia njema kabisa, akampa mama mmoja aliyeomba kitabu cha kusisimua. Mama yule alikuwa amezika mwanawe mwaka uleule. Kesho yake alikirudisha, akakilaza mezani kifudifudi, akaondoka bila kusema neno. Mkutubi alinisimulia mwenyewe, na tangu siku ile hakumpendekezea mtu kitabu changu tena. Hakukosea. Mimi ndiye niliyemnyima habari aliyoihitaji kufanya kazi yake.

Kwa hiyo taja aina ya hofu: ni ya mizimu, ya mwili kuharibika, ya akili kuyumba, au ya binadamu mwenzako? Taja mwendo, kama ni wa polepole au wa mbio, na damu ni kiasi gani. Taja wazi yanayoweza kumuumiza mtu: kifo cha mtoto, ubakaji, kujiua, ukatili kwa wanyama. Kisha sema nani atakipenda. Mfano:

"Mjane anahamia nyumba yenye chumba kisicho na ufunguo. Kila usiku mlango wa chumba hicho unabishwa, kutoka ndani. Hofu ya polepole, damu karibu hakuna. Kuna kifo cha mume na ulevi. Kwa anayependa siri za familia na mwenye subira."

ONYO: usiandike kwamba kinamfaa kila mtu. Mkutubi akisoma hivyo hajui ampe nani.
ONYO: usikifananishe na kitabu maarufu kwa sababu tu ni maarufu. Kifananishe ikiwa hofu zao ni za aina moja.

Hatua ya 5. Ukipewa nafasi ya kuzungumza na wasomaji, simulia kwa dakika moja na uishie kabla mlango haujafunguka.

Hatua ya 6. Kwenye meza ya maonyesho, majalada yamtazame msomaji. Changanya vipya na vya zamani vinavyojulikana, na kimoja kikiazimwa jaza pengo siku hiyohiyo.

Hatua ya 7. Rudi baada ya mwezi, usikilize wasomaji wamesema nini.

MASWALI

Kalamu_Kavu: Mkuu nina riwaya yangu kali sana, nitumie orodha ya maktaba zinazonunua.

Mwandishi wa somo: Sina orodha. Rudia hatua ya 3.

Kalamu_Kavu: Sasa somo la nini kama huna orodha?

Mwandishi wa somo: La kukufanya ukifika usirudishwe mlangoni. Ukurasa wako wa hatua ya 4 ukiwa tayari, uweke hapa nitausoma.

Bundi_wa_Saa_Nane: Nikitaja kifo cha mtoto si nimeshatoboa hadithi?

Mwandishi wa somo: Swali zuri, nami lilinisumbua miaka. Kutaja kilichomo ni tofauti na kutaja ni nani, lini na inaishaje. Mpenzi wa hofu akiambiwa kuna maiti ndani ya kisima hakimbii, anataka kujua iliingiaje. Wa kukimbia atakimbia mapema, kabla hajaumia.

Mwana_wa_Kivuli: Wakutubi hawataki vitabu vya mashetani. Unawapotezea watu muda.

Mwandishi wa somo: Wapo wasiovisoma, ni kweli. Lakini Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na mbili kati yake zinasema kila msomaji apate kitabu chake na kila kitabu kipate msomaji wake. Mkutubi mzuri anafanya hivyo hata kwa kitabu asichokipenda yeye. Wengi niliokutana nao ni wazuri, na sitakubali wasemwe hivyo hapa.

Mkutubi_Mwoga: Mimi ni dada wa maktaba, na usiku siwezi kusoma hata kurasa kumi za vitabu hivi. Nitamshaurije msomaji?

Mwandishi wa somo: Karibu sana dada, woga wako si kizuizi. Muulize msomaji mambo matatu: hadithi gani ya kutisha aliifurahia mara ya mwisho, nini hasa kilimvutia, na kitu gani hataki kukutana nacho. Kwa lile la pili, Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi wa Seattle, Marekani, ana milango minne ya kumwingiza mtu kitabuni: hadithi yenyewe, wahusika, mazingira, lugha. Aliyevutiwa na nyumba yenye giza mpe mazingira, usimpe damu. Na vitabu hivyo visome mchana: kurasa thelathini za mwanzo, chache za katikati, na mwisho. Zitakutosha kujua hofu ni ya aina gani.

Bundi_wa_Saa_Nane: Na muda je? Nisubiri Oktoba?

Mwandishi wa somo: Hapana. Kwa maktaba za Marekani hasa, Oktoba meza zinajaa kwa ajili ya Halloween, sikukuu yao ya mambo ya kutisha, na kitabu kisichojulikana kinamezwa na majina makubwa. Horror Writers Association, chama cha waandishi wa hadithi za kutisha, kilianzisha Summer Scares mwaka 2019, orodha ya vitabu vya kutisha vya kusomwa kiangazi, ili maktaba zivitumie nje ya msimu huo.

Mkutubi_Mwoga: Nitaanza na yale maswali matatu. Nami niongeze: sisi huweka kikaratasi ndani ya jalada, aliyemaliza anaandika neno moja tu. Kuna kimoja mtu aliandika "chooni", na watu wanakigombania kujua kuna nini.

Mwandishi wa somo: Hii naiiba dada, naiweka hatua ya 6. Kikaratasi kinakuwa na ukubwa gani?

Mkutubi_Mwoga: Nusu ya kiganja. Kikizidi hapo wanaanza kusimulia mwisho.