Kabla ya kusaini mkataba wa kuuza bima ya maisha

Matangazo ya kazi hii yanafanana: kipato kisicho na kikomo, uhuru, safari za zawadi. Uaminifu wa mwajiri hauonekani humo. Unaonekana kwenye mkataba wa uwakala, hasa kurasa za kamisheni, kwa hiyo omba nakala ukaisome nyumbani. Ukiambiwa inasomwa na kusainiwa hapohapo ofisini, aga uondoke.

Leseni ni kazi ya dakika chache. Ingia kwenye rejista ya mamlaka inayosimamia bima, tafuta jina la ofisi inayokuajiri na pia la kampuni inayobeba bima yenyewe, maana mara nyingi ni taasisi mbili. Angalia kama kuna adhabu zilizotangazwa.

Kwenye kamisheni, usiharakishe. Bima ya maisha hulipa wakala sehemu kubwa mwaka wa kwanza, na kampuni nyingi humtangulizia hata kabla mteja hajalipa ada yote. Mteja akiacha, unarudisha. Tuseme ada ni 100 kwa mwezi, kamisheni yako ni asilimia 50 ya ada ya mwaka wa kwanza, nawe umetangulizwa 600 zote. Mteja akiacha baada ya miezi 4, ameshalipa 400. Halali yako ni 200, na 400 ni deni. Wateja watano wa namna hiyo wanakuachia deni la 2,000, na hela ulishaila. Kipengele hiki chenyewe si ubaya, kinamzuia wakala asimbebeshe mtu ada asiyoiweza. Ubaya ni kufichwa. Uliza muda wa kurudisha ni miezi mingapi, deni linakatwaje, na kama linakufuata ukiondoka. Uliza pia kama unaweza kulipwa kadiri ada inavyoingia. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo njia ya kuchagua, ingawa miezi ya mwanzo itakuwa mikavu.

Kisha muulize meneja: kati ya bima 100 mlizouza, ngapi zilikuwa bado hai mwezi wa 13, na ngapi mwezi wa 25? Kampuni makini inafuatilia hesabu hiyo. Anayekujibu kwa idadi ya mauzo mapya amekwepa swali. Bima ya akiba ikifa mapema, mteja hupata kidogo sana au hapati kitu, kwa kuwa thamani ya kuvunja mkataba, yaani kiasi anachorudishiwa anayeuvunja, ni ndogo mno miaka ya mwanzo.

Siku ya kwanza huenda ukaambiwa uandike majina 100 ya ndugu na marafiki. Ni mbinu ya zamani, wala si kosa peke yake. Lakini uliza yakiisha, wateja watatoka wapi. Kama jibu ni kuuziwa orodha, ulizia bei, majina yana umri gani, na yameuzwa kwa mawakala wangapi. Kama jibu ni kuajiri mawakala wengine chini yako, basi biashara yao ni wewe na ukoo wako.

Omba kushinda siku moja na wakala mzoefu. Fomu ikifika kwenye maswali ya afya, tega sikio. Mteja anasema anameza dawa za presha. Wakala mwaminifu anaandika jina la dawa na mwaka alioanza. Mwingine anasema, "Hiyo ndogo, tuweke hapana." Hapana hiyo inaweza kumrudia mjane siku ya kudai: kampuni inafungua faili la hospitali, inakataa kulipa. Tazama pia ada inakwenda wapi. Iingie akaunti ya kampuni, si simu ya wakala. Na akimshawishi mtu avunje bima ya zamani anunue mpya bila kumweleza anachopoteza, jua ndivyo utakavyofundishwa.

Mwisho, tafuta mawakala wawili walioacha kazi hapo, si wale utakaopewa na meneja. Waulize mambo mawili tu: kamisheni za miaka iliyofuata waliendelea kuzipata, na barua ya kuachiliwa waende kwingine ilichukua muda gani.