Jioni nne za kujifunza msamaha na haki kwa neema: mwongozo kwa vikundi vya nyumbani Kigoma

Kikundi kinachoanza somo la msamaha kwa kuuliza "tufanye nini ili Mungu atusamehe?" kimepotea kabla hata ya kufungua Biblia. Watu watataja kufunga, kutoa sadaka, kuacha pombe, kurudisha mke, na kila jibu litasikika zuri. Lakini Injili huanza na jambo ambalo Mungu amekwisha kulitenda katika Kristo. Jioni hizi nne zimepangwa ili utaratibu huo usigeuzwe: neema inatangulia, matendo yanafuata.

Kabla ya kuanza

Watu sita hadi kumi wanatosha. Wakizidi hapo, wenye haya hawatasema kitu, na somo hili linawahusu wao kuliko wote. Tengeni saa moja na nusu, kuanzia saa 1:30 jioni. Kwa familia za wavuvi wa Kibirizi, Katonga au Ujiji, pangeni jioni zote nne katika siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na vyombo vimepumzika. Ukipanga siku za giza utabaki na wake na watoto tu, na akina baba watasikia somo kwa vipande vipande. Msiweke spika. Majirani zetu wengi, hasa Ujiji, ni Waislamu, na mazungumzo ya toba ya mtu hayastahili kusikika mpaka barabarani. Msimu wa mvua, kaeni karibu karibu, maana mvua ikishika juu ya bati msomaji hasikiki.

Muwe na Biblia tatu au zaidi za tafsiri moja, karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Kapu la sadaka lisipitishwe katika jioni hizi. Yupo mtu atakayeliona kapu baada ya sala ya toba na kudhani ndiyo bei yenyewe.

Jioni ya kwanza: Luka 18:9-14

Msome mara mbili mfano wa Farisayo (mtu wa dini aliyeshika sana Torati) na mtoza ushuru (mkusanya kodi aliyedharauliwa na watu), kwa sauti, wasomaji tofauti. Kisha ulizeni: kila mmoja alileta nini hekaluni? Farisayo alileta funga mbili kwa juma na zaka ya mapato yote, na wala hakudanganya. Hapo ndipo pa kukaa. Watu hupenda kumfanya Farisayo mnafiki ili wajitenge naye, ilhali mfano haumshtaki kwa uongo. Kosa lake ni kuitegemea haki yake mwenyewe na kuwadharau wengine. Mtoza ushuru hakuleta chochote ila ombi: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Huyu ndiye aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki, yaani Mungu amemkubali kuwa mwenye haki.

Jioni ya pili: Warumi 3:21-26 na Filemoni 17-19

Swali la usiku huu ni zito: Mungu akimsamehe mwovu, haki yake inakwenda wapi? Hakimu anayemwachia mwizi kwa sababu tu ana moyo mpole ni hakimu mbaya. Paulo anajibu kwamba Mungu alimweka Kristo awe upatanisho kwa damu yake, ili Yeye aonekane mwenye haki na awe mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Dhambi haikupuuzwa. Mwingine aliibeba.

Hapo fungueni Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyetengana na bwana wake Filemoni, na Paulo anamwandikia huyo bwana kwamba kama alimdhulumu au anadaiwa kitu, "ukiandike hicho juu yangu". Mwenye duka la Mwanga au Gungu ataelewa mara moja: deni halikufutwa hewani, limehamishiwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine katika daftari, na huyo ameahidi kulipa. Kisha someni mstari wa 17: "mpokee huyu kama mimi mwenyewe." Hizo ni pande mbili za neema. Deni linaandikwa kwa Paulo, na Onesimo anapokelewa kwa heshima ya Paulo. Wengi hufundisha upande wa kwanza tu, wakawaacha watu wamesamehewa lakini wamesimama mlangoni, hawajui kama wanaruhusiwa kuingia. Malizieni na 2 Wakorintho 5:21, penye pande zote mbili katika mstari mmoja.

Jioni ya tatu: mstari wa umri wa Ibrahimu

Chukueni karatasi kubwa, chora mstari mrefu, na washiriki wenyewe watafute miaka katika kitabu cha Mwanzo. Miaka 75, anatoka Harani (12:4). Miaka 86, Ishmaeli anazaliwa (16:16). Miaka 99, anatahiriwa (17:24). Miaka 100, Isaka anazaliwa (21:5). Sura ya 22, anapojaribiwa kumtoa Isaka awe sadaka, ni baadaye zaidi. Sasa ulizeni: ule mstari wa 15:6, Ibrahimu alipomwamini Bwana akahesabiwa haki, uwekwe wapi? Unaingia kati ya 75 na 86. Yaani alihesabiwa haki miaka 13 au zaidi kabla ya tohara, na kabla Isaka hajawapo. Hoja yote ya Warumi 4:9-12 sasa iko mbele yao kwa macho.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayojibu Yakobo 2, na msiikwepe sura hiyo, kwa sababu kuna mtu atakuja nayo. Yakobo 2:24 inasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Yakobo anazungumzia Mwanzo 22, Paulo anazungumzia Mwanzo 15. Paulo anajibu anayetaka kununua kibali cha Mungu. Yakobo anajibu anayesema anaamini huku anamwambia ndugu aliye uchi "enendeni zenu kwa amani" asimpe nguo. Imani ya sura ya 15 ilikuwa hai, ndiyo maana ilizaa utii wa sura ya 22. Wekeni kidole kwenye mstari, muulize kipi kilitangulia.

Vikundi vingi vya mitaa vina Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato pamoja, na usiku huu ndio wenye hatari ya mabishano. Inafaa wajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Dunia walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili hili, wakikiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kumwamini Kristo, bila kustahili kwetu. Tofauti zimebaki, ikiwemo nafasi ya sakramenti ya kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Mkatoliki asishinikizwe kuiacha, wala Mpentekoste asilazimishwe kuikubali. Aende kila mmoja kwa padre au mchungaji wake.

Jioni ya nne: Zakayo na yale yanayorudishwa

Luka 19:1-10. Zakayo alikuwa tajiri, mkuu wa watoza ushuru. Angalieni mpangilio: mstari wa 5 Yesu anajialika nyumbani kwake, mstari wa 8 Zakayo anaahidi nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya. Msikilizaji makini atauliza mbona tangazo la wokovu liko mstari wa 9, baada ya ahadi ya fedha. Swali hilo ni zuri, lipeni dakika zake. Sababu aliyoitoa Yesu si zile fedha: "kwa sababu huyu naye ni mwana wa Ibrahimu," na mstari wa 10 unasema Mwana wa Adamu ndiye aliyekuja kutafuta na kuokoa. Fedha zimeonyesha kilichokwisha kuingia nyumbani.

Kisha semeni wazi kuhusu kurudisha. Anayesema "Mungu amenisamehe" huku amekalia shamba la mjane hajaielewa neema. Torati ilitaka kilichodhulumiwa kirudi pamoja na sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:6-8): aliyepunja Sh 50,000 angerudisha 60,000. Hatuiweki kama ushuru wa msamaha, ila ni kipimo chema kwa anayeuliza aanzie wapi. Asiyeweza kulipa yote aende kwa mwenyewe, ataje kiasi, waafikiane mafungu. Mwenye mali akiwa amekufa, Torati inaelekeza kwa jamaa yake.

Ungamo liwe na upana wa kosa. Dhambi ya siri iungamwe kwa Mungu, aliyemkosea jirani aende kwa jirani, aliyelikosea kanisa zima aseme mbele ya kanisa. Kikundi kinachomlazimisha binti kusimulia uzinzi mbele ya watu kumi kitazaa umbea sokoni kesho yake, na binti huyo hatarudi.

Yanayokwama mara kwa mara

"Sijisikii nimesamehewa." Usimwambie aombe kwa nguvu zaidi. Msomee 1 Yohana 1:9 na 3:20. Msamaha umekaa juu ya uaminifu wa Mungu, na Yohana anajua kwamba moyo unaweza kutuhukumu.

"Nyavu zimepotea, mtoto anaumwa, basi Mungu bado ananidai." Yohana 9:1-3 inakataza hesabu hiyo.

"Kama ni bure, nitaendelea." Paulo aliulizwa hivyo hivyo, na jibu liko Warumi 6:1-2: hasha.

La mwisho lishughulikiwe kwa uangalifu kuliko yote. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba kwa kuwa yeye amesamehewa bure, basi arudi kwa mumewe usiku huo. Anaweza kuacha kisasi mikononi mwa Mungu (Warumi 12:19) na bado akae mahali salama. Msindikizeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mama mmoja wa kikundi aende naye, na mume akisema ametubu, apewe muda wa kuonyesha matunda ya toba huku mke akiwa bado kwa ndugu zake.