Kabla hujanunua betri mpya ya Land Cruiser yenye friji na winchi

Usianzie dukani. Anzia chini ya boneti, mita ikiwa mkononi. Betri nyingi zinazotupwa kwa kusingiziwa kuwa ni feki zimeuawa na gari lenyewe, na mpya ukiiweka humohumo itafuata njia ileile.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 hadi 12.8 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imekwisha. Washa injini, pima tena palepale kwenye vichwa vya betri, chanya na hasi. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5 alteneta, yaani jenereta inayojaza betri injini ikiwaka, iko sawa. Ukipata 12.5 injini ikinguruma, tafuta kosa kwenye alteneta, mkanda au waya wa bodi. Ikivuka 15, regyuleta, kidhibiti cha volti za alteneta, imeharibika na inaichemsha betri.

Saizi: piga picha ya betri ya zamani ikiwa bado imekaa mahali pake. Kwenye maandishi kama 95D31L, ile 31 ni urefu kwa sentimita, na L maana yake ukisimama upande uliko vichwa, chanya kiko kulia. R ni kushoto. Herufi hiyo moja ikikosewa, waya hazifiki, zitavutwa kwa nguvu, na siku moja chanya kitagusa bodi.

Tarehe ya kutengenezwa: uliza. Betri hujipunguza yenyewe ikikaa rafuni, na kwenye joto la Dar au Mombasa hujipunguza haraka zaidi. Ikisoma chini ya 12.5 dukani, iache.

Namba ya CCA, yaani nguvu ya betri ya kuwasha injini kwenye baridi, isiwe chini ya ile ya zamani. Injini ya dizeli ya lita 4.2 ni nzito kuzungusha. Joto ndilo linaloila betri polepole, lakini baridi ya alfajiri kwenye ukingo wa Ngorongoro ndiyo inayoiumbua.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Friji ya lita 40 inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda, kwa saa 12 za kambini imekula ampea-saa 24. Hiyo ni theluthi ya betri ya ampea-saa 75. Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba, imeumbwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, haitadumu. Friji ipewe betri yake ya sahani nene, na kati yake na ile ya injini kuwe na kitenganishi, kifaa kinachozitenga injini ikizimwa ili friji isiinyonye ya kuwashia. Winchi nayo, mashine ya kuvutia gari lililonasa, ikikaza kweli inaweza kuvuta ampea 400. Alteneta ya ampea 80 haiwezi kulipa deni hilo, kwa hiyo vuta kidogo, pumzisha, vuta tena, injini ikiwa imewaka.

Jambo linalowagharimu watu wengi kuliko yote ni betri mbili. Si kila gari lenye betri mbili limefungwa namna moja. Weka waya mweusi wa mita kwenye chesisi, gusa chanya cha kila betri injini ikiwa imezimwa. Zote zikisoma 12 na kitu, zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na gari ni la volti 12. Moja ikisoma 12 na nyingine 25, zimefuatana (chanya cha moja kwenye hasi ya nyingine) na gari ni la volti 24, kama Land Cruiser nyingi za zamani za dizeli zilizotoka Japani.

Kwenye gari hilo la 24 msiba huanza kwa redio. Redio ni ya volti 12, kwa hiyo fundi anavuta waya kutoka betri moja tu, ile ambayo hasi yake iko kwenye bodi. Redio inaimba, mwenye gari anafurahi. Baadaye inakuja chaja ya simu, kisha friji, zote kwenye waya uleule. Alteneta haioni betri mbili, inaona jumla tu. Inatoa volti 28.4 na kuridhika, kumbe betri inayonyonywa inapata 13.2 na mwenzake 15.2. Moja haijai kamwe, sahani zake zinaota chumvi nyeupe ngumu. Nyingine inachemka, maji yanakauka, harufu ya mayai viza inatoka chini ya boneti. Stata, mota ya kuwashia injini, inaanza kugoma. Mwenye gari anabadilisha ile moja iliyokufa, miezi michache baadaye inakufa tena, naye analaumu kiwanda.

Dawa: kila kifaa cha volti 12 kipite kwenye kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, kinachochukua kutoka betri zote mbili. Hakikisha kinabeba ampea za friji, si za redio tu. Baada ya kufunga, pima kila betri peke yake injini ikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya ulioachwa.

Na nunua mbili kwa pamoja, aina moja, tarehe moja. Hata zilizofungwa sambamba, kuukuu huinyonya mpya usiku kucha.

Betri ya lithiamu usiiweke karibu na injini, wala usiichaji moja kwa moja kwa alteneta bila chaja yake.

Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Usivute sigara hapo. Betri za maji ziongezwe maji safi ya betri, si ya bomba, wala usiongeze tindikali. Winchi na friji kila kimoja kiwe na fyuzi karibu na betri. Kaza kishikio cha betri: rasta (mawimbi ya vumbi gumu) za barabara ya Naabi kwenda Seronera, Serengeti, hupukutisha sahani za betri inayocheza. Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena.