Mpango wa Miaka Mitano Utekelezwe Vipi na Kamati za Kanisa

Mpango mkakati hukwama pale lengo linapoachiwa "kanisa zima". Kila lengo liwe na kamati moja inayowajibika. Nyingine zisaidie tu.

Chukua ujenzi wa ukumbi wa vijana. Kamati ya maendeleo iandike ukurasa mmoja: kazi ya mwaka huu, mtu wa kuifuatilia, tarehe na pesa. Hapa Nairobi, msianze harambee kabla ya kuthibitisha hatimiliki ya kiwanja ina jina la nani. Bila hati safi kaunti haitapitisha ramani ya jengo, na waumini waliochanga watauliza, tena kwa haki, pesa zao ziko wapi. Muda wa kusubiri vibali nao uwekwe kwenye ratiba.

Ukurasa huo uifikie kamati ya fedha kufikia Septemba, uingie kwenye bajeti ya Januari. Ukichelewa, lengo hubaki bila hata shilingi. Michango ya ujenzi iwe na jina lake la akaunti kwenye paybill (namba ya kupokea malipo kwa simu), isichanganyike na sadaka.

Kila robo mwaka mwenyekiti wa kamati inayowajibika awaeleze wazee wa kanisa kilichofanyika, kilichokwama na anachohitaji. Dakika 10 zatosha. Viongozi wakibadilika, wakabidhiane faili na kumbukumbu za mikutano kwa maandishi.