Jinsi ya kukadiria gharama ya kuburuta magogo kwa trekta bila kudanganywa na wastani

Kila msimu wa uvunaji napigiwa simu hapa Nairobi na wakandarasi waliopata shamba la misonobari au saipresi upande wa Kinale, Kaunti ya Kiambu. Swali huwa moja: "Nimtajie mteja shilingi ngapi kwa mita moja ya ujazo?" Tafadhali usijibu kwa namba moja. Mimi niliwahi. Nilipima trekta siku tatu za Februari, ardhi kavu, nikatoa bei. Kazi ikaanza Aprili. Trekta likawa linakwama kutwa kwenye matope, wafunga minyororo wanalipwa vilevile, na mwenye trekta akamaliza shamba akiwa na deni. Yule mzee hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hatua ya 1: Pima safari. Simama na saa ya simu na daftari. Andika dakika za kila kipande: kwenda bila mzigo, kuvuta waya wa winchi (mtambo wa trekta unaovuta magogo kwa waya) na kufunga magogo, kurudi na mzigo, kufungua kiwanjani, yaani pale magogo yanapokusanywa. Muda wa kusimama uandike kando, pamoja na sababu yake. Pima angalau safari 30, za karibu na za mbali, kwa kuwa mita 50 na mita 250 ni kazi mbili tofauti. Ujazo wa gogo ni 0.7854 × kipenyo cha katikati × kipenyo hichohicho × urefu. Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha mita 0.35 lina mita za ujazo 0.385, kwa hiyo magogo manne ni kama 1.5. Safari ikichukua dakika 15, unapata mita za ujazo 6 kwa saa.

Hatua ya 2: Tenganisha saa mbili. Kuna saa ya zamu, ambayo dereva yupo kazini, na kuna saa ya kazi halisi, ambayo trekta linavuta. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate uwiano wa kazi. Zamu ya saa 8 yenye saa 5.2 za kuvuta ina uwiano wa 0.65.

Hatua ya 3: Panga gharama kufuata saa hizo. Uchakavu, riba, bima na mishahara huhesabika hata trekta likisimama. Dizeli, oili, matairi na vipuri huliwa likifanya kazi. Tuseme kundi la kwanza ni shilingi 1,400 kwa saa ya zamu, na la pili 1,700 kwa saa ya kazi halisi. Angalia pia saa za mwaka ulizogawia uchakavu na riba. Marufuku ya kuvuna misitu iliyotangazwa Februari 2018 iliacha mashine nyingi zimeegeshwa huku mikopo ikiendelea kudai.

Hatua ya 4: Cheza na uwiano. Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Gharama ya mita moja ni:

(1,400 ÷ uwiano + 1,700) ÷ 6

Kwa 0.65 unapata shilingi 642. Uwiano ukipanda hadi 0.75, inashuka hadi 594: umeokoa 48. Ukishuka hadi 0.55, inapanda hadi 708: umepoteza 66. Badiliko la uwiano ni lilelile, 0.10 kila upande, lakini siku mbaya inauma kuliko siku nzuri inavyoponya. Ndiyo maana bei iliyojengwa juu ya uwiano wa wastani huwa chini ya wastani wa gharama zenyewe.

Uzalishaji una mtego uohuo. Mashamba mawili yenye mita za ujazo 100 kila moja, moja likitoa mita 4 kwa saa na jingine 8, yatakula saa 25 na saa 12.5. Hizo ni mita 200 kwa saa 37.5, yaani 5.3 kwa saa. Ukitumia 6, umeshapunjika kabla hujawasha injini.

Hatua ya 5: Iache Excel irushe bahati. Kwa uwiano, muulize dereva mzoefu namba tatu: ya chini kabisa, ya kawaida, ya juu kabisa. Ziweke B1, B2 na B3. A5 andika =RAND(), inayotoa namba ya bahati kati ya 0 na 1, na B5, inayoigeuza kuwa uwiano:

=IF(A5<(B$2-B$1)/(B$3-B$1), B$1+SQRT(A5*(B$3-B$1)*(B$2-B$1)), B$3-SQRT((1-A5)*(B$3-B$1)*(B$3-B$2)))

C5 iwe gharama ya mita kwa uwiano huo. Nakili mistari 1,000 kwenda chini; kila mstari ni jaribio moja. Dakika za safari, ambazo hubadilisha ile 6, nazo zifanyie hivyo, ila usizipe bahati yake peke yake: mvua inayopunguza uwiano ndiyo hiyohiyo inayorefusha safari. Tumia 1-A5 kwenye dakika, la sivyo jedwali litakuonyesha hatari ndogo kuliko iliyopo.

Hatua ya 6: Chagua bei. Kwa fomula ya Excel iitwayo PERCENTILE, soma gharama ambayo majaribio 80 kati ya 100 hayaivuki. Ongeza faida yako juu yake.

Mteja akiona ni ghali, usikate kiholela. Mpe bei ya chini kwa sharti kwamba kila saa ya zamu inayopotea kwa mvua ailipie zile 1,400. Kisha liwepo daftari moja la saa hizo, litiwe sahihi na dereva pamoja na karani wa mteja kila jioni, palepale kiwanjani.