Namna ya kuusoma Mkataba wa Versailles kuanzia ibara ya 246

Usiuanze mwanzo. Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza kati ya Ujerumani na mataifa yaliyoishinda, una ibara 440, na zile 26 za kwanza ni katiba ya Shirikisho la Mataifa. Wanafunzi wangu waliouanzia huko juu walichoka kabla hawajaifikia Ujerumani yenyewe, wakarudia noti za kukariri: fidia, jeshi la watu 100,000, Hitler. Nafundisha historia Kidato cha Tano na cha Sita hapa Iringa, mwaka wa 17 huu, na njia hii nimeifikia baada ya kusahihisha insha nyingi mno zinazofanana neno kwa neno.

Chukua daftari, piga mistari upate safu nne. Ya kwanza iandike "anayetoa", ya pili "anayepokea", ya tatu "lini". Ya nne iandike "ikawaje", kisha iache wazi. Halafu fungua ibara ya 246.

Ina aya tatu fupi, na tunazozitaka ni mbili za kwanza. Ya kwanza inaiagiza Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Othman, ambao Waturuki waliuchukua Madina na ikasemekana alitunukiwa Kaisari Wilhelm II. Ya pili inaitaka, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililotolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Darasani huwa naomba mtu aisome kwa sauti. Mwaka juzi alisoma binti wa Kalenga, mtoto mkimya asiyenyoosha mkono. Alipofika kwenye jina la Mkwawa akanyamaza, akarudi nyuma mstari mmoja, akaanza upya polepole huku kidole kikifuata maneno. Hakuna aliyemwambia aendelee. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 asije akatiwa mikononi mwa Wajerumani, na huyu hapa, miaka 21 baadaye, yumo ndani ya mkataba uliotiwa saini kwenye kasri la wafalme wa Ufaransa.

Sasa jaza safu. Anayetoa: Ujerumani. Anayepokea: hapa wengi huandika Wahehe, kwa sababu ndivyo haki inavyotaka. Warudishe kwenye maandishi. Anayepokea ni serikali ya Uingereza. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake kwenye ibara moja, ataliona kwenye ibara nyingine bila kuambiwa.

Mpeleke moja kwa moja ibara ya 119. Ni sentensi moja: Ujerumani inaachia haki zake zote juu ya milki zake za ng'ambo, na anayepokea ni Mataifa makubwa ya Washirika, yaani walioshinda vita. Tanganyika, Ruanda, Urundi, Kameruni, Togo, Namibia ya leo, vyote vimo ndani ya sentensi hiyo na hakuna hata kimoja kilichotajwa kwa jina. Kisha rudi ibara ya 22, inayosema watu wa nchi hizo bado hawawezi kusimama wenyewe katika dunia ya sasa, na kwamba kuwalea ni amana takatifu ya ustaarabu. Isome taratibu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa kwa njaa, kuhara damu na malaria wakibebea mizigo majeshi ya hao wastaarabu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Mimi nikifika hapo huwa naacha kufundisha kwa dakika moja, na sioni aibu.

Baada ya ibara ya 119 toa ramani, tena ichore mwenyewe ubaoni. Chora Afrika Mashariki ya Kijerumani nzima, kisha ikate. Mei 1919 Waingereza walipewa yote, Wabelgiji waliokuwa wameikalia Ruanda na Urundi kwa vita wakalalamika, na tarehe 30 mwezi huohuo Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakaelewana: Ruanda na Urundi kwa Ubelgiji, kilichobaki kwa Uingereza. Pembetatu ndogo ya Kionga, kusini ya Ruvuma, ikaenda kwa Wareno. Mwanafunzi kutoka Ngara atakuuliza ndugu za bibi yake walio ng'ambo ya mpaka waliulizwa na nani. Mwambie aangalie safu ya pili.

Ibara ya 231 ndiyo inayosababisha ugomvi, na dawa yake ni kuitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno. Insha zote husema Ujerumani ilikubali "hatia ya vita". Tafuta neno hatia humo: halimo. Lililomo ni dhima. Ujerumani inakubali dhima yake na ya washirika wake kwa hasara na uharibifu uliotokana na vita ambavyo uvamizi wao uliwaletea wengine. Mfano ninaotumia ni wa daladala: dereva akigonga kibanda cha mama ntilie, mwenye gari anabeba dhima ya kulipa hata kama siku hiyo alikuwa amelala kwake. Austria na Hungaria ziliandikiwa sentensi kama hiyohiyo katika mikataba yao. Lakini usiwaache watoto waamini kwamba maneno hayo hayakuuma. Wajerumani waliyasoma kama hatia, na neno uvamizi limo kweli.

Ibara ya 232 isomwe papo hapo, isitenganishwe na mwenzake. Ndani yake Washirika wenyewe wanakiri kwamba mali ya Ujerumani haitoshi kulipa hasara yote. Mwaka 1921 deni likatangazwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132, lakini bilioni 82 kati yake ziliwekwa kwenye hati za deni za kundi C, ambazo hazikutarajiwa kulipwa kwa dhati. Tarakimu kubwa ilitangazwa ili wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza waisikie.

Tarehe zifundishe kwa jozi. Milki ya Ujerumani ilitangazwa katika Ukumbi wa Vioo wa Versailles tarehe 18 Januari 1871, baada ya Ufaransa kushindwa. Mkutano wa amani ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919. Mwanamfalme Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Juni 1919 katika ukumbi uleule wa vioo. Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, aliwaweka humo askari watano wa Kifaransa waliovunjwa nyuso vitani, na Wajerumani wawili waliokuja kusaini, Hermann Müller na Johannes Bell, wakapita mbele yao. Ukimweleza mwanafunzi nyuso hizo tano, hahitaji tena aya ya kueleza maana ya kisasi.

Likija swali la mtihani, kwamba mkataba huu ndio ulioleta Vita Kuu ya Pili, wape tarakimu mbili kabla hawajashika kalamu. Katika uchaguzi wa Mei 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Julai 1932 kilipata asilimia 37.3. Mkataba ulikuwa uleule, tena mwaka huo wa 1932 fidia zilikuwa zinafutwa kwenye mkutano wa Lausanne, Uswisi. Kilichobadilika ni watu wapatao milioni 6 kukosa kazi. Waongeze na hili: Seneti ya Marekani ilikataa kuuridhia mkataba mwaka 1919 na tena 1920, na askari wa Hitler walipoingia Rhineland, eneo la magharibi mwa Ujerumani, Machi 1936, ambako mkataba uliwakataza kukanyaga, hakuna aliyewatoa. Msimamo wangu mimi ni kwamba mkataba uliwapa hasira lakini haukuwapa madaraka. Mwanafunzi anayenipinga kwa ushahidi nampa alama zote.

Mwisho rudini kwenye safu ya nne, mstari wa kwanza. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920, kwa hiyo miezi sita iliisha Julai mwaka huohuo. Fuvu lilipatikana katika jumba la makumbusho la Bremen, na Gavana Edward Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, tarehe 19 Juni 1954. Mimi mstari huo siruhusu ujazwe darasani. Tunapanda gari hadi Kalenga, daftari mkononi, na kila mmoja anauandika akiwa amesimama mbele ya kile kisanduku cha kioo chenye fuvu.