Somo: Kuwinda grausi Minnesota kwa anayeanza

Wakuu, Septemba ikikaribia swali linalonijia ni lile lile: ninunue bunduki gani? Kwangu hilo ni swali la mwisho. Grausi, ndege wa jamii moja na kwale anayeishi misitu ya baridi, hupatikana na anayejua miti. Ukikosea msitu utatembea kutwa na bunduki ya bei mbaya bila kusikia hata bawa.

Hatua ya 1: Karatasi
Kata leseni ya wanyama wadogo kwa Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 anahitaji pia cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki. Juu ya kiuno vaa nguo ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Msimu hufunguliwa katikati ya Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Januari. Kiwango ni ndege 5 kwa siku, aina mbili za msituni (wa kola na wa misprusi, tazama Hatua ya 2) zikihesabiwa pamoja. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka husika.

Hatua ya 2: Wajue
Anayewindwa zaidi ni grausi wa kola: kishungi kichwani, manyoya meusi shingoni ambayo dume huyatunisha, na mstari mweusi karibu na ncha ya mkia. Wapo wa kijivu na wa rangi ya kutu, wote ni aina moja. Grausi wa misprusi hukaa kwenye misprusi, miti ya baridi yenye majani kama sindano, na misonobari. Dume ni mweusi mwenye wekundu juu ya jicho, naye ni mpole kupita kiasi, atakutazama tu kutoka tawini. Wa tatu, mwenye mkia uliochongoka, ni wa maeneo ya wazi na ana kanuni zake. Ukiwa na shaka, usipige.

Hatua ya 3: Soma msitu
Hapa ndipo penye kazi. Grausi wa kola anataka aspeni changa, yaani miti michanga ya majani mapana ya misitu ya baridi. Aspeni ikifyekwa, mizizi huchipua upya kwa wingi, na baada ya miaka kumi hivi miti huwa imesongamana kiasi kwamba mwewe hapenyi kirahisi. Humo ndimo anamojificha. Lakini wakati wa theluji chakula chake kikuu ni vichipukizi vya maua vya aspeni dume zilizokomaa, kwa hiyo anahitaji miti ya umri tofauti ndani ya eneo dogo. Mtafiti Gordon Gullion alilichunguza jambo hili miaka mingi kule Cloquet, hapa hapa Minnesota.

Basi usiingie katikati ya pori, tafuta mipaka: panapokutana aspeni changa na kuukuu, au changa na vichaka vya alda penye unyevu. Picha za satelaiti zinaonyesha wazi vipande vilivyokatwa. Misitu ya taifa ya Chippewa na Superior ina njia za miguu za wawindaji, na penye klova, mmea mdogo wa malisho, pembeni usipite haraka. Grausi hutoka kula majani hayo na kumeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, hasa jioni.

Hatua ya 4: Tembea na kusimama
Ukienda kwa mwendo mmoja, grausi hujibana akakuacha upite. Ukisimama ghafla anadhani umemwona, anaruka kwa kishindo cha pikipiki inayowashwa miguuni pako. Akikuponyoka, shika mwelekeo umfuate. Mara nyingi hatui mbali. Oktoba, majani yakishapukutika, ndiyo wakati ninaoupenda.

Hatua ya 5: Bunduki
Ya marisau, geji 20 au 12, marisau namba 7½, mdomo wa mtutu usiobana sana kwa kuwa utapiga karibu. Ukimwona kando ya barabara, zima injini na uwe yadi 20 kutoka kwenye gari kabla ya kupiga.

Hatua ya 6: Kusafisha
Toa matumbo mapema. Bakiza bawa moja na manyoya yake ili askari wa wanyamapori atambue aina. Pasua kifuko cha chakula shingoni uone alikuwa anakula nini, kisha kesho tafuta mmea huo.

MASWALI

Swali: Kaka, nina kadi ya kijani tu. Naruhusiwa?
Jibu: Sheria ya shirikisho haimkatazi mkazi wa kudumu kumiliki bunduki. Ukishaishi Minnesota siku 60 unalipa ada ya mkazi. Mwenye viza ya muda ana masharti mengine, amwone wakili kabla ya kugusa bunduki.

Swali: Mkuu, lazima niwe na mbwa?
Jibu: Si lazima. Mbwa anasaidia zaidi kumtafuta ndege aliyeanguka, maana rangi yake na majani makavu havitofautiani.

Swali: Je, nyama yake ni halali akifa kwa marisau?
Jibu: Wanazuoni wamehitilafiana. Wengi wa zama hizi wanakubali ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Wengine wanataka umkute hai umchinje. Muulize shehe wako, na beba kisu kikali.

Swali: Mbona miaka mingine hawaonekani?
Jibu: Idadi yao hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 10. Jimbo limekuwa likihesabu ngurumo za mabawa ya madume kila majira ya kuchipua tangu 1949, na mzunguko unaonekana wazi.

Swali: Dada zako tunauliza mapishi!
Jibu: Kifua ni cheupe na hakina mafuta, kwa hiyo mkikipika kupita kiasi kitakauka. Kaangeni kidogo, kisha mmalizie kwenye tui la nazi. Tafuneni taratibu, marisau hubaki ndani.